Tarakimu Ishirini

Siku kumi na tisa sijasema naye.
Chai ikiiva namwambia Asya, "Mwambie baba yako."
Naye yupo hapo hapo, goti lake linagusa sinia,
anangoja mtoto afikishe maneno
yaliyokwisha kupita sikioni mwake.
"Mama kasema chai."
"Mwambie mama nimesikia."
Nyumba ya vyumba viwili, hapa Mtambwe,
imepata tarishi wa miaka saba.

Kosa lake nalijua kwa pishi.
Karafuu za mikarafuu tisa aliyoniachia mama,
nilizochambua usiku mpaka vidole vikanuka hadi Mfungo,
nikaanika, nikaanua kila wingu likikohoa.
Akazipeleka kituoni yeye, akauza kwa jina lake,
fedha akampa nduguye wa Mkoani aezekee nyumba.
Hakuniuliza.
Nilijua kwa wifi yangu, harusini,
aliponishukuru mbele za watu kwa mabati yale,
nami nikajibu, "Hapana neno,"
nikacheka kwa meno tu.

Lakini saa tatu kasorobo tunakaa mkeka mmoja.
Tamthilia haina ugomvi na mtu.
Twaibu na Luluwa wamenuniana toka sehemu ya arubaini:
mume kaficha mke wa pili Ng'ambo,
mke karudi kwao, na usiku huu
kaja kuchukua cherehani yake, basi.
Twaibu kamzuia mlangoni. Kapiga magoti.
Vinanda vimeanza, vile vinavyokuamrisha ulie.
Upande wa pili wa ukuta Bikombo anapiga kelele,
"Usimsamehe huyo!"
na roho yangu inaitikia, usimsamehe.
Twaibu kafunua mdomo,
"Luluwa, mke wangu, mimi..."

Kiza.

Si mji mzima. Kwa Bikombo kunawaka.
Ni Tukuza yetu imekwisha,
na ukutani inapita sauti ya Twaibu, maneno hayapiti.

Nikanunua kwa salio la simu.
Ikaja meseji, tarakimu ishirini.
Mita iko juu ya mlango, mie siifikii.
Tarishi kalala, mdomo wazi.
Nikasikia Shaame anavuta kigoda, anapanda,
anangoja.

"Tano," nikasema.
"Tano."
"Sifuri. Nane. Nane."
"Nane ngapi?"
"Mbili! Nimekwambia mbili."
Kidole chake kikabonyeza taratibu,
kama mtu agusaye jipu la mwenziwe.
Ya kumi na moja ilipopita, akanyamaza.
"Chumu."
Sikuitika.
"Zile karafuu zako. Nilijua ni zako.
Niliogopa utakataa, ndiyo maana sikukuuliza."
"Sita," nikasema.
"Sita." Sauti ikamkwama.
"Ndugu yangu nitamwambia..."
"Usimwambie yeye. Niambie mie. Tatu."
"Nisamehe. Tatu."
"Fedha yangu naitaka. Na msimu ujao
kituoni nakwenda mwenyewe. Moja."
"Utakwenda mwenyewe. Moja."

Mpaka ya ishirini. Mita ikakataa.
Alikosea yeye pahala, au mie nilikosea.
Tukaanza upya, toka tano,
na safari hii hatukuwa na haraka.

Umeme uliporudi, kioo kilijaa majina ya watu yanapanda,
kisha tangazo la sabuni.
Kwa Bikombo kulisikika kwikwi,
za kilio au za kicheko, ukuta hausemi.
Asya kaamka, kajifuta mate.
"Kamsamehe?"

Shaame bado yuko juu ya kigoda,
utando wa buibui nyweleni,
ananitazama.
Mtoto naye kanigeukia mie,
anangoja apewe maneno ya kupeleka.

"Shaame," nikasema,
"mjibu mwanao."